Mwalimu Aliyeshona Kipokezi

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hayo waulizwe wanaopenda mambo ya ukoo. Mimi nilimkuta akiwa tayari Mwalimu, na kwangu hakuwahi kuwa kitu kingine. Shuleni kwetu walikuwapo walimu wengi, kila mmoja na jina lake na somo lake, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule mama mfupi wa Baiolojia, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea upande mmoja, anayetembea kama mtu aliyechelewa kwenda kugombana.

Na kweli alikuwa anakwenda kugombana. Ugomvi wake ulikuwa mmoja tu kwa miaka yote niliyomjua, na nausema hapa mwanzoni ili usitusumbue huko mbele. Mwalimu alishikilia kwamba kitu usichoweza kukieleza kwa lugha unayotumia kuomba maji nyumbani kwenu, hukijui, umekikariri tu. Wakubwa wake walishikilia kwamba sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na kwamba anayeifundisha kwa Kiswahili anawaharibia watoto mtihani, na anachowapa si elimu bali maongezi. Walimwandikia barua. Alizisoma mpaka mwisho, akazikunja vizuri, akafungia karanga. Walimtishia uhamisho. "Nihamisheni," aliwajibu, "huko nako si kuna watoto wenye masikio?"

Kitabu chetu cha kidato cha tano kilikuwa na mistari michache tu juu ya jambo alilolipenda kuliko yote. Homoni hufika kwenye seli, kilisema, hukutana na kipokezi kilichomo kwenye utando wa nje, na seli huitikia. Pembeni palikuwa na mchoro wa ufunguo na kufuli. Mwalimu aliuchukia mchoro ule kama watu wanavyomchukia mpangaji asiyefagia. Siku ya kwanza aliyotufundisha alitwambia tuchukue kalamu tuukate, darasa zima, kwenye vitabu vya serikali.

"Hapa hapafunguliwi mlango wowote," alisema. "Homoni haiingii. Inakuja, inakaa nje, na itaondoka ikiwa nje vile vile. Lakini nyumba nzima huko ndani imeshajua kwamba mgeni amefika. Imejuaje?"

Tulinyamaza. Naye akanyamaza. Alikuwa na uwezo wa kunyamaza mpaka mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa aone aibu, na siku ile alinyamaza hivyo karibu nusu ya kipindi. Ndivyo alivyotaka. Kwake yeye swali lililojibiwa upesi lilikuwa limeharibika.

Kesho yake alikuja na kitambaa cheupe kilichobanwa kwenye duara la mti, sindano nene na uzi wa buluu. Bagamoyo kuna akina mama wengi wanaoshona kofia kwa mkono, zile nyeupe zenye vitundu, na mama yangu ni mmoja wao, kwa hiyo nilitambua mara moja kwamba mwanamke huyu hajui kushona. Alishika sindano kama mtu anayeshika mkia wa panya. Lakini alishona. Kitambaa, alisema, ni utando wa seli. Juu ni nje, chini ni ndani. Uzi ni kipokezi. Ulianzia juu ukashuka chini, ukapanda, ukashuka, mpaka umepenya mara saba. Ncha moja ikabaki nje, ncha nyingine ikabaki ndani.

"Mara saba," alisema, akituonyesha darasani huku na huku. "Ukinishonea mara sita umenishonea kitu kingine."

Kisha akatuambia walichokiona watu waliopiga picha. Mgeni akikaa huku juu, miguu ya kipokezi, yaani hizo mara saba za uzi, huko chini haibaki kama ilivyokuwa. Mguu wa sita unajitenga na wenzake, unasogea pembeni, na pale ulipokuwa panabaki shimo. Alivuta uzi wa sita kwa kidole, shimo likaonekana. "Hicho ndicho kinachojulikana ndani. Mgeni hakuingia. Mwenyeji ndiye aliyebadilisha mkao."

Ndani, chini ya shimo hilo, inasubiri protini G. Hii ni moja lakini ni watatu, na Mwalimu aliwasimamisha wasichana watatu mbele ya darasa. Beta na Gama walishikana mikono, wakaambiwa wasiachane hata wakigombana. Mimi nikawa Alfa. Nilichaguliwa kwa sababu Alfa anasimama mahali pamoja muda mwingi, na mimi nilikuwa na pumu. Mkononi nilishikilia betri iliyokwisha. Mwalimu mwenyewe akawa kipokezi. Alisimama juu ya kiti, akarusha mguu pembeni bila kujali sketi, akaniamuru niingize kiwiko kwenye nafasi aliyoiacha. Nikaingiza. Ilibidi nijipinde, na nilipojipinda ngumi yangu ikafunguka, betri ikaanguka sakafuni.

"Mmeona?" alipiga kelele akiwa juu ya kiti. "Kuna aliyemnyang'anya? Hakuna! Amesogezwa tu, mkono ukaachia wenyewe. Sasa mkono mtupu. Mkono mtupu ndani ya seli haukai mtupu."

Akanipa betri mpya. Nikawaacha Beta na Gama, nikaenda upande wa pili wa darasa kumgusa mwanafunzi aliyekuwa kimeng'enya, naye akaanza kupiga makofi, ndiyo kazi ya seli. Betri yangu ikiisha, alisema, na lazima iishe kwa sababu Alfa huimaliza mwenyewe, nitarudi kwa wenzangu na nitakuwa kama mwanzo. Tulirudia mara nyingi mpaka kengele ikalia na wa darasa la jirani wakaja dirishani. Hakuna neno la Kiingereza lililotamkwa, na hadi leo naweza kukuonyesha kiwiko kiliingia wapi.

Maneno aliyapata kwa taabu na kwa ubishi. Wapo wanaodhani alikaa akayabuni. Sivyo. Alitutuma kwa watu. Alipotaka neno la namna kipokezi na protini G vinavyokutana, alitupeleka kwa seremala mmoja karibu na soko la samaki. Tukamuuliza, akasema kitu ukikiunga kimeungwa, hakitoki mpaka uvunje. Ila vitu vikishikana vinaweza kuachana vikiwa vizima. Mwalimu alifurahi kama aliyeletewa zawadi. "Basi vinashikana," alisema. "Seremala ametushinda. Vingeungana tungekufa, maana seli isingenyamaza kamwe."

Picha waliyopiga watafiti, ya kipokezi kimeshikana na protini G, aliichapisha kwenye duka la steshenari, ikatoka nyeusi tupu kwa sababu wino wa rangi ulikuwa umekwisha, naye hakuwa mtu wa kusubiri wino. Aliipaka kwa rangi za ukili, zile za kutilia mikeka: kipokezi kijani, Alfa zambarau, wale wawili wasioachana wekundu. Ilibanduka mikononi mwetu sote. Tulikwenda nyumbani na vidole vya zambarau. Alitueleza kwamba vitu hivi ni vidogo mno, mwanga wa kawaida hauvioni, na kwamba vikiwa pamoja havitulii, vinaachana kabla hujavitazama. Kwa hiyo watafiti walivigandisha kwenye barafu nyembamba ajabu, wakavipiga picha nyingi kupita kiasi, kila kimoja kikiwa kimelala upande wake, wakazikusanya picha hizo mpaka umbo likatokea. Na bado mwanzoni viliachana. Ikabidi watafute kitu kidogo cha kuvibana visiachane, wakakipata kwenye damu ya mnyama wa jamii ya ngamia.

"Mashine zote hizo," alisema, akicheka mpaka miwani ikateleza, "na mwisho wake wanakwenda kupiga hodi kwa ngamia!"

Mtu wa namna hii unadhani alikuwa mpole kwa wanafunzi. Hakuwa. Ukimwambia "Shikamoo Mwalimu," alijibu, "Marahaba, ya jana umeyaelewa?" kwa pumzi moja, na ukisita tu alikusimamisha hapo hapo, hata sokoni, hata umebeba ndoo kichwani. Alikula karanga darasani na kutukataza sisi. Alidharau mashindano, lakini timu ya shule ikifungwa hakuzungumza na mtu siku mbili. Alituhimiza tumsahihishe, na ukimsahihisha alikununia. Miaka miwili alitufundisha kwamba kila kipokezi kina protini G yake moja tu, hakiichanganyi na nyingine. Mimi nikasoma mahali kwamba vipo vinavyoshika hii na ile. Nikamwambia. Akaniita mjuaji, akanitoa nje. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya darasa akasema, "Nimewafundisha uongo. Vingine vinashika zaidi ya moja, na kinachochagua hakijajulikana vizuri hadi leo. Andikeni." Kuhusu kunitoa nje hakusema kitu, nami sikudai.

Na jambo jingine ambalo lilituchosha akili: Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha yeyote pale shuleni. Alisoma kwa Kiingereza usiku na mchana, alicheka peke yake na magazeti ya Kiingereza. Waliosema anakikimbia kwa kuwa hakijui walikuwa hawajamsikia.

Mthibiti ubora wa shule alimsikia. Alikuja siku moja bila taarifa, kijana wa shati jeupe, akakaa dawati la nyuma na daftari lake. Mwalimu akaendelea na Alfa wake kana kwamba aliyeingia ni upepo. Baada ya muda yule kijana akanyanyua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Naomba kipindi kiendelee kwa lugha ya kufundishia."

"Kinaendelea kwa lugha ya kuelewea," alijibu. "Lakini wewe ni mgeni wangu."

Akageuka, akalifundisha somo lote upya kwa Kiingereza, kuanzia homoni mpaka betri mpya, kwa haraka, bila kukwama, bila kuangalia daftari. Alipomaliza aliturudia kwa Kiswahili: "Nani ameelewa nilichosema sasa hivi?" Hakuna mkono ulioinuka. Akamgeukia mgeni. "Na wewe, mwanangu?"

Yule kijana akatazama daftari lake. Nilimwonea huruma, nakiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kazini. Lakini furaha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko huruma, na sitajisingizia wema.

Alilipia furaha ile yeye, si sisi. Kabla muhula haujaisha mkuu wa shule alimwita ofisini, akatoka bila vipindi vya kidato cha tano na cha sita. Alipewa kidato cha kwanza vipindi viwili kwa wiki na usimamizi wa bustani ya mchicha. Mkuu alidhani amemaliza. Lakini mchicha unamwagiliwa saa tisa alasiri, na saa tisa alasiri sisi tulikuwa huru, kwa hiyo saa tisa alasiri kulikuwa na ndoo nyingi bustanini kuliko mchicha wenyewe ulivyohitaji. Tulisimama kwenye matuta na kumaliza mada zote. Walipotangaza kwamba ni marufuku wanafunzi kukusanyika bustanini, alihamia kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga. Kuacha hakuacha.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu ndilo linalonifanya nimwandike.

Pumu yangu ilianza utotoni, na kwa miaka mingi pampu ya buluu ilinitosha. Kifua kikibana, navuta, kinaachia. Nikiwa kidato cha sita ikaanza kunigomea. Nilikuwa navuta mara mbili, baadaye mara nne, baadaye naamka nayo na kushinda nayo. Majirani walimwambia mama kwamba nimeshazoea, kwamba pampu ni kama ulevi, ukianza huachi, na kwamba dawa ni kuninyang'anya na kunipumzisha nyumbani. Mama alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husikiliza. Aliamua nisirudi shule mpaka nipone. Aliificha pampu kwenye kopo la nyuzi zake juu ya kabati.

Mwalimu alinikosa siku tatu. Ya nne alifika kwetu, mji mkongwe, jasho linamtiririka, hodi moja tu na tayari yumo ndani.

"Karibu, Mwalimu," mama alisema, akijitanda kanga. "Mtoto anaumwa. Nimemsimamisha."

"Najua anaumwa, dada yangu. Nimekuja kujua wewe unajua anaumwa nini."

Mama hakupenda. Alirudi mkekani, akachukua kofia aliyokuwa akiishona, akainamisha kichwa. Ndiyo namna yake ya kumwambia mtu aondoke. Mwalimu hakuondoka. Alikaa chini mkekani naye, akaomba kipande cha kitambaa na sindano, akaanza kushona mara saba zake. Mama alivumilia kidogo, lakini kumtazama mtu akishona vibaya ni kazi iliyomshinda. Akamnyang'anya.

"Niambie unataka nini, nikushonee mimi."

Akamwambia. Mama akapitisha uzi juu, chini, juu, chini, sawasawa na kwa wepesi, mara saba. Alipomaliza aligeuza kitambaa, akaona ncha ya uzi inaning'inia upande wa ndani, akaikata kwa meno. Fundi wa kofia haachi uzi unaning'inia. Akiuacha atasemwa mtaa mzima.

Mwalimu alipiga yowe mpaka mimi kitandani nikakaa. "Umeukata mkia! Dada, huo mkia ndio kazi yenyewe!"

"Mkia gani? Uzi umebaki, ni aibu."

"Kwenye kofia ni aibu. Huku ndiko seli inakokifungia kipokezi." Alitulia, akaongea taratibu, kwa sauti ambayo darasani hatukuwahi kuisikia. "Pampu ya buluu inakaa hapa juu, kwenye kipokezi, kinasogeza mguu, protini G inashika, kifua kinalegea. Vizuri. Lakini ukigonga kila saa, seli inachoka na kelele. Inautia alama huu mkia wa ndani. Mkia ukiwa na alama inakuja protini nyingine, inaziba lile shimo, na protini G haina pa kushika tena. Ukizidi kugonga, wanaviondoa vipokezi vyenyewe, wanaviingiza ndani. Sasa mtoto anavuta dawa, dawa inafika, na hakuna wa kuipokea."

Mama alishona tena, mara saba, na safari hii mkia akauacha. Akautazama muda mrefu.

"Kwa hiyo si ulevi," alisema.

"Si ulevi."

"Wala hanidanganyi kwamba kifua hakiachii."

"Hakudanganyi. Na kumnyang'anya si dawa pia. Siku kikimbana hasa atakufa hapa mbele yako. Kifua chake kimevimba ndani kila siku, na buluu haitibu uvimbe. Mimi si daktari. Kamwambie daktari anavuta mara ngapi, usimfiche hata moja."

Mama alishusha kopo juu ya kabati, akanirudishia pampu kabla Mwalimu hajavaa viatu. Asubuhi tulikuwa hospitali. Mama yangu, aliyeishia darasa la saba, alimweleza daktari habari ya vipokezi na mkia, kitambaa mkononi. Daktari alianza kucheka, kisha akaacha, akachukua kile kitambaa akakitazama. Nikapewa pampu nyingine ya kutumia kila siku, ya kutibu uvimbe, na ile ya buluu ikabaki ya dharura. Baada ya wiki kadhaa nilipanda ngazi za shule bila kusimama. Nilifanya mtihani. Leo nauza dawa Kerege, nyuma ya dirisha lenye nondo, na kila mama anayekuja kuchukua pampu simwachi aondoke mpaka ameniambia yeye mwenyewe, kwa maneno yake, inafanya nini. Wengine wananiona msumbufu. Na waone.

Kuhusu afya yake mwenyewe Mwalimu alikuwa mjinga kabisa, na silainishi neno hilo. Alikuwa na presha. Alikuwa na vidonge. Alijua kila kinachofanyika kidonge kikishamezwa, isipokuwa kukimeza. Nilimfungia mimi mwenyewe dukani alipokuwa amestaafu na kuhamia Mapinga, nikamwandikia saa, na siku moja nilikuta pakiti tatu nzima kwenye mkoba wake, chini ya karanga. Nilimkemea. Akaniuliza kama nimeshasoma walichogundua kuhusu vipokezi vya harufu. Tulizungumza vipokezi vya harufu mpaka basi lake likapita, na vidonge vikarudi mkobani. Sijajisamehe.

Kiharusi kilimkuta akifua. Dadake mdogo ndiye aliyenipigia simu, na nilipofika wodini, saa za kutazama wagonjwa, Mwalimu alikuwa amelazwa ubavu, mkono wa kulia umelala kama si wake. Miwani hana. Dadake alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, anamwambia "ham, ham," kama mtoto.

"Akili hazipo tena," alininong'oneza. "Daktari amempima. Tangu juzi amejaribu, hamjibu hata neno. Kaandika kwenye faili. Nami tangu hapo namlisha tu, simwulizi kitu."

Nilitazama uso wa Mwalimu. Mdomo ulikuwa umeenda upande, lakini macho yalinifuata nilipozunguka kitanda. Macho yale niliyajua. Ndiyo yaliyonitoa nje ya darasa.

Daktari alipopita, kijana mwenye adabu, nilimsimamisha nikamwuliza amempimaje. Akanieleza. Aliposikia kwamba mgonjwa ni mwalimu wa sayansi wa sekondari ya juu, aliona ni heshima kuzungumza naye kwa Kiingereza. Alimwuliza jina, mwezi, mahali tulipo, akamwonyesha kalamu na saa. Kimya. Wagonjwa wengine wote wodini alikuwa akiwauliza kwa Kiswahili. Kwake yeye tu alikuwa amepandisha lugha.

"Muulize kwa Kiswahili," nilisema.

"Dada, mtu wa elimu ile—"

"Muulize kwa Kiswahili."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa wodini. Aliinama, pengine ili aniondoe njiani, akatoa kalamu mfukoni. "Mama, hiki ni nini?"

Mwalimu alichelewa. Shingo ilikaza. "Kalamu," alisema. Neno lilitoka zito, lakini lilikuwa lenyewe. "Yako. Haina... kifuniko."

Haikuwa nayo. Dadake aliangusha kijiko.

Daktari akaendelea: jina, mwezi, mahali. Alijibu yote, taratibu, akipumzika katikati. Daktari akarudia swali moja kwa Kiingereza, kwa upole, kujihakikishia, na uso wa Mwalimu ukawa mtupu kama wa mtu anayesikia mvua. Kimeondoka, Kiingereza chote. Vitabu vyote vile, magazeti yote yale aliyocheka nayo. Kiharusi kinaweza kumfanyia hivyo mtu wa lugha mbili, daktari alisema, kikachukua moja na kuacha nyingine. Nilishika chuma cha kitanda. Nilitaka kulia kwa hasara ile, na papo hapo nilitaka kuwaita wote waliomwandikia barua waje wasimame hapa miguuni pake.

"Kidonge," Mwalimu alisema. Alikuwa anatazama kikombe kidogo cha dawa mezani.

"Ni cha presha, Mwalimu," daktari alisema. Sasa alimwita hivyo. "Unatakiwa umeze kila siku."

"Najua. Kinakaa... juu. Kwenye kiti cha homoni. Hakisogezi mguu. Mguu wa sita... umetulia. Shimo hakuna. Protini G haishiki." Alifunga macho, akayafungua. Mkono wa kushoto ulinyanyuka kutoka kwenye shuka, vidole vikaanza kupanda na kushuka hewani, na nilihesabu: saba. "Moyo unapiga polepole. Ndiyo kazi yake."

Daktari alikuwa ameacha kuandika. Aligeuza faili, akatafuta mstari aliouandika juzi, akaukata, kisha akaukata tena.

"Lakini wewe," Mwalimu akaendelea, na sasa alikuwa anamkazia macho, "hujui nusu. Ile iliyo ndani... ikikishika kipokezi... kipokezi nacho kinaikaza homoni. Huko nje. Inakuwa ngumu kutoka. Aliye ndani... anabadilisha nje."

Daktari alinitazama mimi, kisha yeye.

"Hapo mwisho, Mwalimu," alisema, "sijaelewa. Protini iko ndani. Inawezaje kubadilisha kitu kilicho nje?"

Mwalimu alivuta pumzi kwa nguvu, akainua kidevu kuelekea stuli iliyokuwa chini ya dirisha.

"Kaa," alisema.

Daktari akaivuta stuli, akakaa.